Mchongaji na Mwenye Mali: Vitabu vya Sampuli za Herufi katika Historia ya Uchapaji wa Uholanzi

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuanzia pale kazi ya mpiga chapa inapokoma. Mhakiki huipokea matini ikiwa tayari imepangwa ukurasani, naye huingia moja kwa moja katika maudhui, wahusika na mtindo, kana kwamba maneno yalijileta yenyewe. Hali haikuwa hivyo. Tangu katikati ya karne ya 15, na kwa muda wa miaka zaidi ya mia tatu, kila herufi iliyochapwa barani Ulaya ilikuwa imechongwa kwanza kwa mkono wa mtu. Na mtu huyo, tofauti na mtunzi, ni nadra kuacha jina lake katika kazi aliyoifanya.

Makala haya yananuia kuchunguza aina moja ya maandishi ambayo kwa kawaida huachiwa wakutubi na wakusanyaji wa vitu vya kale, yaani karatasi na vitabu vya sampuli za herufi. Mifano imechukuliwa kutoka Uholanzi na nchi jirani kati ya karne ya 16 na ya 18, kipindi ambacho eneo hilo liliwauzia wachapaji wa Ulaya sehemu kubwa ya herufi zao. Hoja inayotetewa ni kwamba sampuli ni shahidi mwenye nyuso mbili. Kwa upande mmoja, huhifadhi sura ya herufi hata baada ya chuma kilichoizaa kupotea. Kwa upande mwingine, huitangaza herufi kama mali, na kwa hiyo humtaja mwenye mali kwanza. Mchongaji hutajwa pale tu jina lake linapokuwa na bei. Atakayeisoma bila kuuzingatia upande huu wa pili ataandika historia ya maduka akidhani anaandika historia ya sanaa.

Jinsi herufi ilivyozaliwa

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kueleza kwa ufupi namna kazi yenyewe ilivyofanywa. Fundi alianza na kijiti cha chuma cha pua. Kwenye ncha yake alichonga herufi moja, ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana katika kioo. Chuma hicho kilipokwisha kutiwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu, kiligongwa kwa nyundo juu ya kipande cha shaba nyekundu, kikaacha humo alama iliyozama. Katika makala haya chuma kilichochongwa kitaitwa muhuri, na shaba iliyopokea alama itaitwa kalibu. Kalibu iliwekwa katika chombo cha mkono, ikamiminiwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni uliyeyushwa, nayo ikatoa herufi moja ya kuchapia.

Kuna jambo muhimu katika utaratibu huu. Herufi za risasi zilichakaa kwa matumizi, zikayeyushwa na kusubiwa upya. Lakini muhuri mmoja uliweza kuzaa kalibu nyingi, na kalibu moja ikazaa maelfu ya herufi. Kwa hiyo utajiri wa kiwanda cha kusubu herufi ulikuwa katika mihuri na kalibu zake. Vitu hivyo vilirithiwa, vikauzwa na kugawanywa baina ya wanunuzi, mithili ya mashamba. Mchongaji aliweza kufa akasahauliwa, na mihuri yake ikaendelea kuzaa kwa karne nzima katika mikono ya watu ambao hawakupata kumwona.

Antwerp na Leiden: herufi za nani?

Mfano wa kwanza ni Christophe Plantin, Mfaransa aliyeanzisha kazi ya uchapaji mjini Antwerp mwaka 1555. Biblia yake ya lugha nyingi, iliyochapwa kati ya mwaka 1568 na 1572 katika majuzuu manane, ilihitaji herufi za Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na Kisiria. Mwaka 1567 Plantin alitoa kitabu kidogo cha sampuli ambacho kichwa chake cha Kilatini kinazitambulisha herufi zilizomo kuwa za Christophe Plantin. Kwa maana ya umiliki, dai hilo ni la haki. Kwa maana ya usanii, si hivyo. Herufi nyingi alizotumia zilikuwa kazi za Wafaransa kama vile Claude Garamond na Robert Granjon, na baadaye za Hendrik van den Keere wa Ghent, aliyemchongea Plantin hadi alipofariki mwaka 1580. Neno "za" katika kichwa cha kitabu kile linabeba maana mbili, na ile ya umiliki imeifunika ile ya utunzi.

Bahati njema ni kwamba mihuri na kalibu za Plantin hazikutawanyika. Ukoo wa Moretus uliozirithi ulizitunza hadi nyumba na vilivyomo vilipouzwa kwa mji wa Antwerp mwaka 1876, na mwaka uliofuata vikafunguliwa kuwa makumbusho. Kwa kuwa daftari za hesabu zilihifadhiwa pamoja na chuma, watafiti wa karne ya 20 waliweza kulinganisha malipo, mihuri na kurasa, wakawarudishia wachongaji kazi zao. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba viwanda vilivyobahatika namna hii ni vichache mno.

Mkwewe Plantin, Franciscus Raphelengius, aliyechukua tawi la Leiden na kufundisha Kiebrania katika chuo kikuu cha mji huo, alitoa mwaka 1595 sampuli ya herufi za Kiarabu. Sampuli hii inastahili kuangaliwa kwa makini na msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye fasihi yake kongwe ya Kiswahili iliandikwa kwa hati hizohizo. Herufi ya Kilatini husimama peke yake; ya Kiarabu hushikana na jirani yake, na hubadili umbo kwa kadiri inavyokuwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Mchongaji wa Kilatini alihitaji muhuri mmoja kwa kila herufi ndogo, ilhali wa Kiarabu alihitaji mihuri kadhaa kwa herufi moja, na zaidi ya hapo alipaswa kuhakikisha kwamba kalamu inaonekana haikuinuliwa pale ambapo vipande viwili vya risasi vinakutana. Sampuli ya 1595 kwa hiyo ilikuwa zaidi ya tangazo la bei. Ilikuwa ithibati kwamba jambo lililodhaniwa kuwa la kalamu pekee limewezekana kwa chuma mjini Leiden. Mwaka 1613 sarufi ya Kiarabu ya Thomas Erpenius ilichapwa katika mji huohuo, na baadaye Erpenius akawa na herufi zake mwenyewe za lugha za Mashariki. Hapa pia, sampuli inajulikana kwa jina la Raphelengius, mwenye nyumba ya uchapaji.

Karatasi ya mjane: Christoffel van Dijck

Katika karne ya 17 Amsterdam ilishika nafasi ya Antwerp. Mchongaji aliyesifika kuliko wote alikuwa Christoffel van Dijck, mzaliwa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1669. Kazi yake haikukomea kwenye Kilatini. Alichonga herufi za Kiebrania zilizotumiwa na Joseph Athias, mchapaji wa Kiyahudi wa Amsterdam, na pia herufi za Kiarmenia zilizotumiwa katika Biblia ya Oskan, iliyochapwa katika mji huo kati ya 1666 na 1668.

Sifa zake zilivuka bahari. Nchini Uingereza amri ya Mahakama ya Star Chamber ya mwaka 1637 ilikuwa imeruhusu wasubu herufi wanne tu, na matokeo yake ni kwamba ufundi ulidumaa na wachapaji wakategemea Uholanzi. Thomas Marshall alinunua kalibu na herufi huko kwa ajili ya uchapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1670. Joseph Moxon, katika kitabu chake cha mwaka 1676 kuhusu kanuni za herufi, aliyachambua maumbo ya van Dijck kwa dira na rula kana kwamba ni ya mwanahesabu. Na William Caslon, aliyetoa sampuli yake mjini London mwaka 1734 na kuukomesha utegemezi huo, alijifunza kwa kuzitazama herufi za Kiholanzi.

Hata hivyo, mali ya van Dijck ilisafiri kwa namna iliyolififiza jina lake. Mwanawe Abraham aliirithi, naye akafariki mwaka 1672. Mwaka uliofuata Daniel Elzevir akainunua. Elzevir alifariki mwaka 1680, na mwaka 1681 mjane wake akatoa karatasi moja kubwa ya sampuli ili kuwaarifu wanunuzi juu ya herufi zitakazouzwa. Karatasi hiyo inaeleza kwamba herufi zilizomo zimechongwa na van Dijck. Hapa panadhihirika jambo lililotajwa katika utangulizi. Mchongaji anatajwa waziwazi, lakini miaka kumi na miwili baada ya kufa kwake, katika tangazo la mauzo, na kwa sababu jina lake lilipandisha bei. Mnunuzi alikuwa Athias, na baada ya kupita mikononi mwa wengine mali hiyo iligawanywa mwaka 1767 kati ya Johannes Enschedé wa Haarlem na nyumba ya Ploos van Amstel ya Amsterdam. Mwaka 1799 Enschedé walilinunua fungu la Ploos pia.

Ingetarajiwa kwamba mihuri iliyovuka misukosuko ya miaka mia moja na thelathini ingehifadhiwa. Kinyume chake, mwanzoni mwa karne ya 19 mitindo ilikuwa imebadilika. Wasomaji walitaka herufi zenye mistari myembamba na minene iliyotofautiana mno, na sehemu kubwa ya kazi ya van Dijck ikatupwa kama vyuma chakavu. Ni sehemu ndogo iliyosalia, mojawapo ikiwa seti ya herufi za mlazo. Tangu hapo, karatasi ya mjane, iliyokusudiwa kutumika kwa msimu mmoja wa biashara, imekuwa miongoni mwa mashahidi wakuu wa fundi yule.

Taathira ya upotevu huo ilionekana karne moja baadaye. Jan van Krimpen, mbunifu wa herufi wa nyumba ya Enschedé, alipobuni herufi ya Romanée mwaka 1928, alikuwa akiitafutia mwenzi ile herufi ya mlazo iliyobaki bila jozi yake. Kampuni ya Monotype nayo ilitoa mwaka 1937 herufi iliyoitwa Van Dijck, ikiiga kurasa za tafsiri ya Ovid ya mshairi Joost van den Vondel, iliyochapwa Amsterdam mwaka 1671. Kwa maneno mengine, kitabu cha shairi kiligeuka kuwa sampuli kwa kuwa mihuri yenyewe haikuwapo tena.

Mhungaria aliyeitwa Janson

Kama kisa cha van Dijck ni cha upotevu wa chuma, kisa cha Miklós Kis ni cha upotevu wa jina. Kis, mwanafunzi wa theolojia kutoka Transylvania, alifika Uholanzi mwaka 1680 ili kusimamia uchapaji wa Biblia ya Kihungaria. Huko Amsterdam alijifunza kuchonga mihuri katika karakana ya Dirk Voskens, akaimudu kazi hiyo upesi kiasi cha kupokea maagizo kutoka nchi za mbali, yakiwamo ya herufi za Kigeorgia. Biblia aliyoijia ilitoka mwaka 1685, ikiwa imechapwa kwa herufi alizozichonga mwenyewe. Mwaka 1689 alirejea kwao, ambako baadhi ya viongozi wa dini walimlaumu kwa kuthubutu kusahihisha matini ya Biblia. Naye akajitetea katika kitabu alichokichapa mwaka 1698. Alifariki mwaka 1702.

Seti ya kalibu zake ilibaki Leipzig, mji ambao Anton Janson, mchongaji mwingine mwenye asili ya Kiholanzi, alikuwa ameufanyia kazi hadi kufariki kwake mwaka 1687. Herufi za Kis zilipoonekana katika sampuli ya kiwanda cha Ehrhardt cha mjini humo, takriban mwaka 1720, hazikuwa na jina la mchongaji. Vizazi vilivyofuata viliziba pengo hilo kwa dhana, na kazi ya Mhungaria ikawekwa chini ya jina la Janson. Chini ya jina hilo zilifufuliwa kwa mitambo katika miaka ya 1930 na kuenea duniani.

Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1954, Harry Carter na George Buday walipochapisha utafiti wao kuhusu asili ya herufi hizo. Ushahidi mmojawapo mzito ulikuwa karatasi ya sampuli za Kis mwenyewe, iliyochapwa Amsterdam katika miaka ya 1680 na kuhifadhiwa Budapest. Kwa hiyo sampuli moja isiyo na jina ilimnyang'anya Kis kazi yake, na sampuli nyingine ikamrudishia. Marekebisho hayo, lakini, hayakufika sokoni. Herufi zile zingali zinauzwa kwa jina la Janson, na mhakiki anayetaja jina hilo kwa mazoea hushiriki bila kujua katika dhuluma ya zamani.

Haarlem: sifa na malalamiko

Nyumba ya Enschedé ilianza kuchapa mjini Haarlem mwaka 1703, na mwaka 1743 ikanunua kiwanda cha kusubu herufi cha Wetstein cha Amsterdam. Pamoja na ununuzi huo ilipata huduma za Johann Michael Fleischman, Mjerumani aliyezaliwa karibu na Nuremberg mwaka 1707. Kitabu cha sampuli walichokitoa mwaka 1768, mwaka aliofariki Fleischman, ni miongoni mwa vitabu vizuri zaidi vya aina yake. Kurasa zake zinaonyesha herufi kuanzia zile kubwa za vichwa hadi zile ndogo mno zinazoyachosha macho, pamoja na herufi za muziki. Aidha, chini ya herufi za Fleischman jina lake limetiwa pamoja na mwaka wa kuchongwa, kwa namna ileile mchoraji anavyotia sahihi picha yake.

Ingawa hatua hii ni kubwa ikilinganishwa na ukimya wa mwaka 1567, haikuwa haki kwa wote. Jacques-François Rosart, mzaliwa wa Namur, alikuwa na kiwanda chake Haarlem kabla ya Enschedé kuanza kusubu. Ujio wa jirani mwenye mtaji mkubwa ulimdidimiza, ingawa yeye pia aliichongea nyumba hiyo, na kazi yake ya herufi za muziki ilijikuta ikishindana na ya Fleischman. Mwaka 1759 alihamia Brussels, na huko akatoa vitabu vyake mwenyewe vya sampuli. Msomaji anayeviweka vitabu vya nyumba hizi mbili ubavuni mwa kila kimoja atagundua kwamba historia ya uchapaji wa Haarlem ina wasimuliaji wawili, na kwamba aliyebaki na jengo ndiye aliyesikika zaidi.

Maneno yasiyokusudiwa kusomwa

Kuna suala jingine linalomhusu mhakiki wa fasihi: sampuli huandikwa nini? Mara nyingi ilikuwa Kilatini, na katika sampuli ya Caslon iliyotajwa ni mwanzo wa hotuba ya Cicero dhidi ya Catilina. Matini hiyo haikuwekwa ili msomaji afuate hoja za Cicero. Iliwekwa ili macho yaone rangi ya ukurasa. Ni matini iliyovuliwa kazi yake ya kueleza ikaachiwa mwili wake tu.

Hata hivyo, mwili huo si wa lugha zote. Kilatini hakina haja ya "w", na "k" na "y" ni wageni wachache ndani yake. Bali kina "q" inayojitokeza kila mara na kumpa mchongaji nafasi ya kuonyesha mkia mrefu. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi hakitumii "q" wala "x", ilhali hakiwezi kukamilisha mstari bila "k", "w" na "y". Kiholanzi nacho hutegemea mno "k", "w" na "z". Mnunuzi aliyeichagua herufi kwa kuitazama katika Kilatini alichagua kwa kipimo cha lugha nyingine. Ukurasa wa Kiswahili, wenye miguu mingi ya "k" na pembe nyingi za "w", una sura ambayo sampuli za kale hazikuitabiri. Uchunguzi wa mtindo wa uchapaji katika vitabu vya Kiswahili hauna budi kuanzia hapo.

Hitimisho

Mifano iliyojadiliwa inaonyesha kwamba sampuli ya herufi haistahili kuaminiwa kupita kiasi wala kupuuzwa. Ilizaliwa sokoni, na lugha yake ni ya soko. Inaposema herufi hizi ni za fulani, mhakiki aulize: zake kwa kuchonga au zake kwa kununua? Inaponyamaza, aulize ni nani aliyefaidika na ukimya huo. Na kwa kuwa chuma huyeyushwa na karatasi hubaki, maswali hayo huenda yakajibiwa na ukurasa mmoja uliosahauliwa katika hifadhi ya mji wa mbali.

Maswali hayo si mageni katika taaluma ya Kiswahili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalinusurika kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyafafanua, akishirikiana na W. E. Taylor, lakini diwani ilipochapishwa mwaka 1940, ilitoka kwa uhariri wa William Hichens, na hilo ndilo jina linalotangulia katika marejeo mengi. Kati ya mshairi na msomaji walikuwapo watu watatu, na yule ambaye kalamu yake ilifanya kazi ya mwanzo ndiye anayetajwa kwa nadra. Mnakili wa Mombasa na mchongaji wa Amsterdam hawakujuana, wala ufundi wao haukufanana. Wanachoshirikiana ni kupitishwa kazi zao mikononi mwa wengine hadi majina yao yakafutika. Utafiti wa miswada ya Kiswahili, ambayo mingi imetufikia kupitia mikono ya manakili, utakuwa na msingi imara zaidi iwapo kila andiko litahojiwa juu ya mkono uliolifanya, si juu ya jina lililoandikwa mbele yake peke yake.